Kusoma Kimongolia cha kale: uanze na Kiuiguri, Kitibeti, Kisanskriti au Kichina?

Katika monasteri ya Gandan, mjini Ulaanbaatar, ipo sanamu iliyosimama yenye kimo cha mita 26.5. Ya kwanza ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, ikang'olewa na kuchukuliwa mwaka 1938, na hii ya sasa ikazinduliwa mwaka 1996. Ni sanamu ya Avalokiteshvara, bodhisattva wa huruma (bodhisattva ni aliyejiwekea nadhiri ya kuwa Buddha ili awasaidie viumbe wote). Ukimuuliza Mmongolia wa leo jina lake atakuambia Janraisig. Ukifungua maandishi ya zamani unaweza kumkuta akiitwa Qongshim. Mahali pengine ni Ariyabalo, na pengine tena ni Nidüber Üjegchi, yaani "atazamaye kwa macho".

Mmoja yule yule, majina manne. Janraisig ni Kitibeti kilichozoeshwa ulimi wa Kimongolia. Qongshim ni Guanshiyin wa Wachina, ila alifika nyikani kwa kupitia vinywa vya Wauiguri, watu wa jamii ya Kituruki wa Asia ya Kati. Ariyabalo ni Kisanskriti kilichokatwa kiunoni: neno arya, likafuatiwa na kipande cha mwanzo cha Avalokiteshvara. Nidüber Üjegchi ni Kimongolia kitupu kwa sikio, lakini kimeshonwa kwa kufuata jina la Kitibeti, neno kwa neno.

Sasa mtu anayetaka kusoma maandishi ya Kibuddha ya Kimongolia cha kale atafika mahali ambapo Kimongolia peke yake hakimtoshi. Lazima ashike lugha ya pili ya kumsaidia. Lakini ipi? Muda haumtoshi kila mtu kujifunza zote nne, na walimu hawapatikani kila kona. Nimeziweka hapa ubavu kwa ubavu, nikizipima kwa jambo moja tu: ukikwama katikati ya ukurasa, ni ipi itakayokukwamua?

Jibu langu nalitoa mapema ili usomaji wako usiwe wa kubahatisha. Maneno ya dini katika Kimongolia cha kale kwa sehemu kubwa yalipitia Kiuiguri. Sentensi zimekaa Kitibeti. Anayedhani kwamba lugha iliyotafsiriwa ndiyo iliyotoa msamiati atapotea tangu ukurasa wa kwanza.

(Kuhusu tahajia: nimeandika maneno ya Kimongolia kwa ch, sh na gh, ambazo msomaji wa Kiswahili anazitamka bila kufundishwa. Wataalamu hutumia alama nyingine. Q ni k ya kooni.)

Kiuiguri, mwalimu aliyesahauliwa

Mwaka 1204 Chinggis Khan aliwashinda Wanaimani, kabila jirani, na kumkamata Tatatunga, mtunza muhuri wao, aliyekuwa Muiguri. Mapokeo yanasema huyu ndiye aliyewafundisha wana wa Khan kuandika. Hati aliyokuja nayo ilikuwa imetoka kwa Wasogdia, wafanyabiashara wa njia ya hariri, nao waliitoa kwenye ukoo wa hati za Kiaramu. Kipande cha kale zaidi cha Kimongolia kilichobaki, jiwe la Yisüngge la miaka ya 1220 ambalo leo liko katika jumba la makumbusho la Hermitage, Saint Petersburg, kimeandikwa kwa hati hiyo.

Hati haiji mikono mitupu. Wauiguri walikuwa Wabuddha tangu zamani, na walikuwa wameshatafsiri sutra, yaani vitabu vya mahubiri ya Buddha, kutoka Kitokharia (lugha ya Asia ya Kati iliyokwisha kufa), Kichina na Kisanskriti. Msamiati wa dini walikuwa nao tayari. Wamongolia walipoanza kutafsiri vitabu vya Kibuddha chini ya utawala wa Yuan, nasaba ya Kimongolia iliyotawala China, hawakuketi kubuni maneno mapya. Walichukua ya makarani wao. Iliwawia rahisi pia kwa sababu lugha hizi mbili zinajengwa kwa mtindo unaofanana: kitenzi mwishoni, viambishi vinafuatana nyuma ya mzizi, irabu zinakubaliana ndani ya neno. Neno la Kiuiguri likiingia katika sentensi ya Kimongolia linakaa kama mtoto wa nyumbani.

Chukua nom. Kwa Mmongolia wa leo nom ni kitabu. Katika maandishi ya kale ni mafundisho ya Buddha, dharma yenyewe. Neno lilitoka kwa Wauiguri, nao walilipata kwa Wasogdia, nao kwa Wagiriki: nomos, sheria. Msilione la ajabu. Kalamu yetu nayo ni kalamos ya Wagiriki iliyotufikia kwa mkono wa Waarabu, na hakuna Mswahili anayemkumbuka Mgiriki anapoishika. Hali ni hiyo hiyo kwa titem, taji, ambalo asili yake ya mbali ni diadema.

Erdeni, kito, ni ratna ya Kisanskriti. Kimongolia hakipendi neno lianze na r, kwa hiyo irabu imetangulizwa, kama sisi tunavyoitupia irabu mwishoni kitab ili iwe kitabu. Buyan, thawabu, ni punya. Shasin, dini, ni shasana. Burqan, yaani Buddha, ni tamko la kale la Kichina la jina la Buddha likaunganishwa na cheo cha khan (usiichanganye na burhani ya Kiarabu, hazina undugu). Halafu kuna tamu. Kwa Wamongolia wa kale tamu ni jehanamu. Neno la Kisogdia hili, na kila nikikutana nalo nacheka peke yangu: watu wanatupwa tamu kwa dhambi zao.

Ya kuvutia kuliko yote ni miungu. Indra, mfalme wa miungu wa Wahindi, kwa Kimongolia anaitwa Qormusta. Huyo ni Ahura Mazda wa Waajemi! Brahma anaitwa Esrua, na nyuma yake yuko Zurvan, mungu wa wakati wa Waajemi hao hao. Wasogdia walipoupokea Ubuddha waliwapa miungu wa Kihindi majina ya miungu waliyokuwa wakiijua kwao, Wauiguri wakayapokea, Wamongolia wakayapokea. Shimnus, pepo mshawishi, naye ni Ahriman. Ukiijua njia hii ya Kisogdia na Kiuiguri, kurasa nzima zinafunguka. Usipoijua, utamtafuta Qormusta katika kamusi ya Kisanskriti mpaka taa iishe mafuta.

Kiuiguri kitakuokoa pia kwenye mitego. Mtawa aliyepewa daraja kamili aliitwa ayagh-qa tegimlig. Ayagha kwa Kimongolia ni bakuli, na mtawa hutembea na bakuli la kupokelea chakula, kwa hiyo msomaji anaridhika kwamba ameelewa: "anayestahili bakuli". Kumbe maneno yote mawili ni ya Kiuiguri, na ayagh hapo ni heshima: "anayestahili heshima".

Hasara zake nazo uzijue. Kiuiguri cha kale si Kiuiguri kinachozungumzwa leo Xinjiang. Kozi ya lugha ya leo, ya watu ambao karne nyingi sasa ni Waislamu, haitakupa msamiati wa sutra. Kinafundishwa katika vyuo vichache mno. Hati yake, ambayo Wamongolia waliirithi na kasoro zake, haitofautishi t na d katikati ya neno, wala o na u. Na habari njema ni kwamba huhitaji kukisoma kama lugha. Unahitaji orodha ya maneno mia mbili hivi na historia ya kila moja. Hiyo ni kazi ya miezi michache ya jioni.

Kitibeti, lugha iliyo chini ya sentensi

Wimbi la kwanza la tafsiri lilikuja pamoja na Kublai Khan na lama wake 'Phags-pa, yule aliyebuni hati ya mraba iliyotangazwa rasmi mwaka 1269. Mfasiri mkubwa wa enzi hizo ni Choiji Odser. Mwaka 1305 alitafsiri Bodhicharyavatara, shairi la Mhindi Shantideva juu ya njia ya bodhisattva, na mwaka 1312 maelezo yake juu ya kitabu hicho yalipigwa chapa mjini Daidu, Beijing ya leo. Karatasi chache za chapa hiyo zilifukuliwa Turfan, Xinjiang, na ziko Berlin. Mwenzake wa karne hiyo ya 14, Sherab Sengge, alitafsiri Altan Gerel, sutra ya mwanga wa dhahabu.

Wimbi la pili lilianza mwaka 1578, Altan Khan alipokutana na Sonam Gyatso karibu na ziwa Köke Nuur na kumpa cheo cha Dalai Lama. Hicho cheo chenyewe ni darasa la tafsiri: gyatso ni bahari kwa Kitibeti, dalai ni bahari kwa Kimongolia. Baada ya hapo kazi ikawa kubwa kweli kweli. Ayuush Güüsh akabuni herufi za ziada mwaka 1587 ili sauti za Kisanskriti na Kitibeti ziandikike bila utata. Mwaka 1628 na 1629 Ligdan Khan akaweka kundi la wafasiri chini ya Kunga Odser kukamilisha Kanjur, mkusanyo wa maneno ya Buddha. Zaya Pandita akabuni hati yake "iliyo wazi" kwa ajili ya Waoirati, Wamongolia wa magharibi, mwaka 1648. Beijing ikaichapa Kanjur katika majuzuu 108 kati ya 1718 na 1720, kisha Tanjur, mkusanyo wa maelezo ya wanazuoni, katika majuzuu 226 kati ya 1742 na 1749. Kabla ya Tanjur kuanza, Changkya Rolpai Dorje na wenzake walitunga kamusi kubwa ya Kitibeti na Kimongolia, mwaka 1741 na 1742, ili kila mfasiri atumie neno lile lile kwa dhana ile ile.

Kwa nini nimeipanga miaka yote hii? Kwa sababu kila hatua iliisogeza lugha karibu zaidi na Kitibeti. Karne ya 14 mfasiri aliandika nirvan (nirvana, ukombozi wa mwisho wa Kibuddha) na kuendelea na safari. Wafasiri wa baadaye waliona ni heri kila kipande cha neno la Kitibeti kipate mwenzake. Tazama:

| Dhana | Njia ya Kiuiguri | Njia ya Kitibeti |
|---|---|---|
| nirvana | nirvan | ghasalang-acha nögchigsen, "kupita ng'ambo ya huzuni" |
| arhati (mtakatifu aliyekombolewa) | arqad | dayin-i darughsan, "aliyemshinda adui" |
| ukamilifu wa hekima | bilig baramid | bilig-ün chinadu kijaghar-a kürügsen, "hekima iliyofika ukingo wa ng'ambo" |
| vajra (radi, pia chombo cha ibada) | vachir, ochir | dorji |
| mtawa | ayagh-qa tegimlig | gelong |
| yungiyungi | lingqu-a (kiini chake Kichina) | badma |

Safu ya tatu ina mambo mawili tofauti. Dorji, gelong na badma yamebebwa mazima. Matatu ya juu ni maneno ya Kimongolia yaliyokatwa kwa kipimo cha Kitibeti, na haya ndiyo yanayomsumbua msomaji, maana hayaonekani kuwa ya kigeni. Unaijua "huzuni", unajua "kupita", na bado hujui kwamba umesoma neno nirvana.

Mfano kamili kuliko yote ni sifa ya Buddha inayotokea karibu kila ukurasa: ilaju tegüs nögchigsen. Kwa maneno yenyewe: "ameshinda, mwenye utimilifu, aliyepita". Kimongolia cha kawaida hakingezaa jina la namna hiyo. Lakini weka bcom ldan 'das ya Kitibeti pembeni: bcom, kushinda, ldan, kuwa na, 'das, kupita. Vipande vitatu kwa vitatu, mpangilio ule ule. Watibeti nao walikuwa wakifafanua bhagavan ya Kisanskriti. Vivyo hivyo tegünchilen iregsen, "aliyekuja vivyo hivyo", ni de bzhin gshegs pa, ambayo ni tathagata.

Kisha kuna vielezi. Hapa ndipo nilipoipenda kazi hii, na hapa ndipo wengi wanapoichukia. Kisanskriti kina viambishi awali vingi: vi-, pari-, abhi-. Watibeti, kwa uaminifu wa kupindukia, waliamua kila kiambishi kiwe na neno lake: rnam par, yongs su, mngon par. Wamongolia wakafuata: teyin büged, oghoghata, ilete. Matokeo yake ni sentensi ya Kimongolia iliyojaa "kwa namna hiyo", "kabisa", "waziwazi" mahali ambapo hakuna kinachohitaji kuwa kabisa wala waziwazi. Msomaji asiye na Kitibeti anajaribu kukipa kila kielezi maana yake. Mwenye Kitibeti anatambua kivuli cha kiambishi, anavuka.

Viunganishi navyo ni hivyo hivyo. Kiged, ambayo kwa asili ni kitenzi "kufanya" katika umbo la "akiisha kufanya", inakaa mahali pa dang ya Kitibeti na kuwa "na" ya kawaida. Kiambishi cha wingi -nughud kinajitokeza hata pale ambapo Mmongolia mwenyewe angeacha nomino bila wingi, kwa sababu Kitibeti kiliandika rnams.

Lakini si kila mahali walinakili. Sutra huanza kwa maneno eyin kemen minu sonosughsan nigen chagh-tur, "hivi ndivyo nilivyosikia wakati mmoja". Kitibeti kinaweka mtenda katika uhusika wa mtendaji: "na mimi". Kimongolia kinasema minu, "yangu": usikiaji wangu. Ndiyo desturi ya Kimongolia katika vitenzi vya namna hiyo, na mfasiri hakuitupa. Nyakati kama hizi ndizo zinazokuonyesha kwamba nyuma ya kazi yote hii kulikuwa na mtu mwenye sikio.

Kwa upande wa manufaa ya nje ya maktaba, Kitibeti kinashinda bila mpinzani. Ni lugha hai, ina walimu, ina vitabu vya kujifunzia. Katika monasteri nyingi za Mongolia sala bado zinasomwa kwa Kitibeti hadi leo. Monasteri ya Mergen, huko Mongolia ya Ndani, ni ya pekee kwa kuwa Mergen Gegeen wa karne ya 18 aliitungia liturujia ya Kimongolia, nayo ikaendelea kusomwa. Hata siku za wiki: Mmongolia ana majina ya kale ya Kitibeti, Davaa, Myagmar, Lkhagva, Pürev, Baasan, Byamba, Nyam, na watoto hupewa majina hayo kama sisi tunavyomwita mtoto Khamisi au Juma. Khamisi wetu ni Pürev wao.

Ugumu wake ni tahajia. Unaandika spyan ras gzigs, mdomoni inatoka kitu kama chenrezi, na Mmongolia akasikia Janraisig. Usitarajie kukitambua Kitibeti ndani ya neno la Kimongolia kwa kutazama herufi. Tamka kwa sauti kwanza.

Kisanskriti, babu anayeheshimiwa zaidi ya anavyosaidia

Nilianza na Kisanskriti, kwa kuwa kila mtu aliniambia ndiyo chemchemi. Nilichopata ni kutambua majina. Sarufi yenyewe, pamoja na jasho lote la minyambuliko, ilinisaidia mara chache, kwa sababu karibu kila kitabu kilipita Tibet kabla ya kuingia Mongolia, na mfasiri wa Kimongolia alikuwa ameinamia ukurasa wa Kitibeti.

Pamoja na hayo, kuna jambo la ajabu ambalo lisiposemwa ulinganisho huu utakuwa na upungufu. Watibeti walitafsiri hata majina ya watu na ya bodhisattva. Wamongolia, wakitafsiri kutoka Kitibeti hicho hicho, mara nyingi waliyarudisha majina kwenye Kisanskriti. Neno bodhisattva kwa Kitibeti ni byang chub sems dpa'; Mmongolia akaandika bodisadu, umbo alilolizoea tangu kwa Wauiguri. Siku za wiki zina seti ya pili ya majina, Adiya, Sumiya, Angarag, Bud, Barhasbadi, Sugar, Sanchir, ambayo ni majina ya Kisanskriti ya sayari. Kwa hiyo mwenye Kitibeti pekee atakwama kwenye majina, na mwenye Kisanskriti pekee atakwama kwenye kila kitu kingine.

Faida nyingine ya Kisanskriti ni ya kifedha na ya muda: vitabu vya kujifunzia vimejaa, kamusi ziko wazi kwenye intaneti, na vyuo vinavyokifundisha ni vingi. Ukiwa tayari unakijua, vizuri. Ukiwa hukijui, jifunze kusoma kamusi yake, ujue sauti zake zilivyobadilika mdomoni mwa Wauiguri na Wamongolia (vajra ikawa vachir kisha ochir, dhyana ikawa diyan), na uishie hapo kwa sasa.

Kichina, kwa ufupi

Kichina kimo, lakini kimo ndani ya Kiuiguri. Bagshi, mwalimu, ni boshi ya Kichina. Toyin, mtawa, ni daoren. Lingqu-a ni lianhua. Yote yaliingia kwa mlango wa Wauiguri na yamevaa sura ya Kiuiguri. Tena ni Kichina cha kale, ambacho matamshi yake yako mbali na ya Beijing ya leo, kwa hiyo mwanafunzi wa Kichina cha leo hatayasikia moja kwa moja.

Kitakufaa ukitoka nje ya monasteri: maandishi ya serikali ya Yuan, tafsiri za vitabu vya Konfusio, na baadaye riwaya za Kichina zilizotafsiriwa kwa Kimongolia. Kitakufaa pia ukitaka kufuata kazi za wataalamu wa Hohhot na Beijing. Kwa sutra, kiweke mwisho.

Sasa uchague vipi

Tazama tarehe ya tafsiri, lakini usiiamini kupita kiasi. Kanjur ya Beijing ya 1720 haikutafsiriwa upya. Ilijengwa juu ya kazi ya wakati wa Ligdan, nayo ilikusanya na kurekebisha tafsiri za zamani zaidi. Ndani ya juzuu moja unaweza kuvuka kutoka karne ya 17 hadi ya 14 kwa kufunua karatasi. Ukiona nirvan, arqad na Qormusta wamejaa, na sentensi inatembea kwa miguu ya Kimongolia, uko kwenye tabaka la kale: orodha yako ya Kiuiguri ndiyo ya kutoa. Ukiona "waliopita ng'ambo ya huzuni" na msururu wa oghoghata na ilete, weka maandishi ya Kitibeti kando na usome yote mawili kwa pamoja.

Kwa anayetaka kusoma Choiji Odser au Altan Gerel ya Sherab Sengge, ningesema msamiati wa Kiuiguri kwanza, kisha Kitibeti kiasi cha kuweza kulinganisha. Kwa anayelenga Zaya Pandita, kinyume chake: Kitibeti hadi ukiote usiku, kwa kuwa Zaya Pandita alisoma Tibet kwa miaka mingi na tafsiri zake zinakifuata Kitibeti hatua kwa hatua. Bila Kitibeti utamwona mtu mgumu asiyejua lugha yake mwenyewe, na utamdhulumu.

Kwa anayependezwa na Kimongolia cha leo tu na anataka kujua maneno yametoka wapi, Kiuiguri kinamtosha, na atapata starehe kubwa. Maktaba kwa Kimongolia ni nomyn san. Nom ni ya Wagiriki kwa njia ya Wasogdia na Wauiguri. San, hazina, ni ya Wachina. Kilichobaki kuwa cha Kimongolia ni -yn iliyo katikati. Rais wa kwanza wa Mongolia, aliyeshika madaraka mwaka 1990, alikuwa Ochirbat: ochir ni vajra ya Wahindi iliyosuguliwa njiani, bat ni "imara" kwa Kimongolia. Jirani yake mtaani angeweza kuwa Dorj, na wote wawili wangekuwa wamepewa jina la kitu kile kile kwa barabara mbili tofauti.

Kuna lugha ya tano ambayo haikuwa kwenye swali: Kirusi. Kiti cha kwanza cha masomo ya Kimongolia Ulaya kilianzishwa Kazan mwaka 1833, na Józef Kowalewski wa huko alitoa kamusi yake ya Kimongolia, Kirusi na Kifaransa kati ya 1844 na 1849, akiweka Kitibeti na Kisanskriti kando ya maneno ya dini. Bado inatumika. Kama unasoma Kifaransa, unaweza kuitumia bila Kirusi. Kama unasoma Kiingereza, kamusi ya Lessing ya mwaka 1960 ina sehemu nzima ya istilahi za Kibuddha mwishoni, na wanafunzi wengi huigundua wakiwa wameshateseka mwaka mzima.

Na kama bado unasita kati ya Kiuiguri na Kitibeti, fungua mwanzo wa sutra yoyote ya Kanjur. Kabla ya mafundisho kuna mstari unaotaja jina la kitabu kwa lugha tatu: Enedkeg-ün keleber, kwa lugha ya Kihindi; Töbed-ün keleber, kwa lugha ya Kitibeti; Mongghol-un keleber, kwa lugha ya Kimongolia. Wauiguri hawatajwi popote. Ila hilo neno Enedkeg, "Mhindi", Mmongolia hakulipata India wala Tibet. Ni la Kisogdia, na alifundishwa na Muiguri.